Nani Anayelia Ndani ya Shairi? Mwongozo wa Kumjenga Nafsineni wa Msiba na Umbali

Usiku usio na mbalamwezi, simama ufuoni Dunga, pembeni mwa mji wa Kisumu, uangalie Ziwa Victoria. Taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini kama mji mwingine ulioota huko usiku huohuo. Omena hufuata mwanga, na mwanga huwavuta vizuri giza likiwa totoro, ndiyo maana wavuvi husubiri siku ambazo mwezi ni hafifu. Mwanamke aliyeketi ufuoni anaziona taa zote, lakini hajui ipi ni ya mumewe. Mume naye, kule majini, anauona ufuo kama mstari mweusi wenye vimulimuli viwili vitatu. Hajui kama mkewe angali macho au amekwisha lala. Usiku ni mmoja, ziwa ni moja, umbali kati yao ni uleule. Lakini mwambie kila mmoja wao atunge ubeti, utapata mashairi mawili yasiyofanana hata kidogo.

Tofauti hiyo haitoki kwenye vina wala mizani. Inatoka kwa nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma tungo za wanafunzi na za watu wazima wanaotunga kwa kupenda tu, na hakuna ninazoletewa kwa wingi kama tungo za msiba na za kuachana. Kijana amefiwa na babake. Dada amekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Mchumba amehamia Nakuru na simu zimepungua. Nyingi ya tungo hizo zina vina vilivyonyooka. Zinachokosa ni mtu. Unazisoma kuanzia juu hadi chini na hujui ni nani amesimama wapi akimwambia nani. Mwongozo huu nimeuandikia hao, na mtu yeyote anayetaka kuomboleza kwa Kiswahili bila kupoteza sauti ya aombolezaye.

Hatua ya kwanza: Mtenge mtunzi na msemaji

Waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, wanalikumbuka swali la Karatasi ya Tatu ya Kiswahili: "Nafsineni katika shairi hili ni nani?" Wengi huandika "ni mshairi" na kukosa alama. Mtahini anataka kuambiwa kwamba ni mtoto aliyefiwa na mamake, au ni mke aliyeachwa, pamoja na neno la shairi linalothibitisha hivyo. Swali hilo lililokusumbua darasani ndilo la kwanza la kujiuliza unapotunga, kabla hujaandika hata mshororo mmoja.

Mtunzi ni wewe mwenye kitambulisho, kodi ya nyumba na watu wanaokudai. Nafsineni huzaliwa kwenye mshororo wa kwanza na huishia kwenye wa mwisho. Hata unapoandika kuhusu mama yako mwenyewe, huwezi kujiingiza mzima. Wewe ni watu wengi mno.

Mama yangu alipofariki nilijaribu kumtungia shairi kwa muda mrefu nikashindwa. Katika kila ubeti nilikuwa kifungua mimba, mwalimu, mwenye deni la kutomtembelea, msemaji wa familia na muumini, wote kwa pamoja, na kila mmoja akimkatiza mwenzake. Siku nilipofaulu nilikuwa nimemchagua mmoja tu: yule aliyepokea simu kwenye stendi ya Nakuru, akiwa njiani kwenda kumwona, na mfuko wa karoti mkononi. Mama alipenda karoti za huko. Msemaji huyo hakujua chochote kuhusu mazishi wala jeneza, wala hakuwa na la busara la kusema. Alijua uzito wa ule mfuko, na hakujua aupeleke wapi. Shairi zima likasimama juu ya zile karoti.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi uandike majina ya "mimi" wote ulio nao katika msiba huo: mjukuu, jirani, aliyechelewa kufika, aliyemwogesha mgonjwa, aliyegombana naye mwaka uliopita. Chagua mmoja. Waliobaki waache watunge yao siku nyingine.

Hatua ya pili: Amua miguu yake iko wapi

Umbali hupimwa kutoka mahali fulani. Msemaji asiye na mahali hana umbali, ana malalamiko tu.

Mashairi ya kuachana huwa na misimamo michache ya msingi. Kuna aliyebaki: anaviona vitu vya aliyekwenda, kiti, kikombe, kandambili mlangoni, ila haoni aliko mwenyewe. Kuna aliyeondoka: hana vitu, ana kumbukumbu, na kumbukumbu zake zimegandia siku aliyoondoka, hata akimwaza mtoto wake aliyekwisha ota ndevu bado anamwona na meno ya utotoni. Kuna anayeaga, kama nafsineni wa Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama mgonjwa anayemwita bintiye aje na wino na karatasi; humo anayekaribia kuondoka ndiye mwenye usemi, na mwenye kuachwa amenyamaza akiandika.

Msimamo ninaoupenda zaidi, na ambao watunzi wetu wa magharibi mwa Kenya wanausahau ilhali wanauishi, ni wa aliye njiani. Kila wikendi misafara hutoka Nairobi kupeleka maiti nyumbani kuzikwa, magari yakiwa yamefungwa vitambaa vyekundu. Msafara ukishapita Nakuru unapanda baridi hadi Mau Summit, barabara inagawanyika, wa Kisumu wanashika njia ya Kericho na wa Eldoret wanaendelea moja kwa moja. Mtu aliyeketi ndani ya basi lililobeba jeneza yuko na marehemu kuliko mtu yeyote, wamesafiri pamoja usiku kucha, lakini hawezi kumwambia neno. Abiria wenzake wanaimba, wanasinzia, wanateremka kununua chai. Hajafika nyumbani ambako kilio rasmi kinamngoja. Msemaji wa namna hiyo ana saa saba au nane ambazo si za mji wala za kijiji. Mpe ubeti.

Ukishachagua msimamo, tafuta jambo moja la kweli linaloupima umbali huo kwa namna isiyotarajiwa. Nitatoa mfano. Watu wengi wakitunga kuhusu binti aliye Saudia huandika kuhusu bahari, ndege na jangwa. Lakini saa za Riyadh na saa za Kisumu ni zilezile. Zote ziko saa tatu mbele ya saa za Greenwich. Binti akitazama ukuta kule ni saa nne asubuhi, na nyumbani ni saa nne asubuhi. Hawezi hata kujifariji kwamba huku kwao watu wamelala. Jambo dogo hilo lina uchungu kuliko jangwa zima, na tutalirudia hapo chini.

Hatua ya tatu: Sikiliza viambishi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lugha yetu ina zana ambazo mtunzi hana haja ya kuzitafuta mbali.

Anza na kitenzi chenyewe cha msiba. Ukisema "mama amekufa", kitendo ni cha mama, wewe humo. Ukisema "nimefiwa na mama", ghafla umo. Kufa ni kitenzi cha mtu mmoja, lakini kikiingia kauli ya kutendewa kinamshika mwingine aliyesimama kando: amefiwa. Kifo cha mtu kimekuwa jambo lililokupata wewe. Mtunzi anayeandika "amekufa" na anayeandika "nimefiwa" wamemweka nafsineni katika vyumba viwili tofauti, na ni lazima ujue umemweka katika kipi.

Halafu kuna viashiria. Kabla ya mazishi, jeneza likiwa pale uani chini ya turubai, watu husema "huyu mama alikuwa mkarimu". Huyu, kwa sababu yupo, unaweza kumgusa. Wiki mbili baadaye unasikia "yule mama". Hakuna aliyetangaza badiliko hilo, limetokea mdomoni. Shairi linaloanza na "huyu" na kumalizia na "yule" limezika mtu bila kutaja kaburi.

Viashiria vya mahali navyo ni vipimo vya umbali. Nyumbani pale: ninapajua, naweza kupaonyesha kwa kidole. Nyumbani kule: ni mbali, pametanda, nina hakika na upande tu. Nyumbani mle: niko nje lakini nafsi yangu imeingia ndani, naona hata buibui wa darini. Nafsineni aliyeondoka miaka mingi akisema "mle", amekiri kwamba hajawahi kutoka.

Mwisho nyakati. Tazama mtu aliyefiwa juzi anavyozungumza: "Baba hanywi chai isiyo na tangawizi." Wakati uliopo. Kisha ananyamaza, halafu anajirekebisha: "Hakuwa akinywa." Katika ule ukimya wa katikati ndimo ushairi ulimo. Usimsahihishe nafsineni wako haraka. Mwache aseme "hupenda" mahali ambapo sarufi ya kifo inadai "alipenda", kisha aje ajisikie mwenyewe. Kuhusu -ngali-, "ningalipanda gari la asubuhi ningalimkuta", naishauri mara moja katika shairi. Majuto yakijaa kila ubeti, msemaji anaanza kuomba kuhurumiwa, na msikilizaji huchoka upesi kumhurumia aombaye.

Hatua ya nne: Nani anaambiwa?

Nafsinenewa, yaani anayeambiwa, hubadilisha shairi kuliko bahari, yaani aina ya shairi, utakayochagua. Anayemwambia marehemu anaweza kuuliza maswali, kwa kuwa hatajibiwa. Anayewaambia waombolezaji hana ruhusa hiyo. Atalazimika kusimulia, kusifu, kushukuru waliochanga. Anayemwambia mtoto mdogo atatafuta maneno mepesi na kuficha nusu ya mambo. Anayemwambia Mungu anaweza kulalamika kwa ukali ambao angeuonea haya mbele ya shangazi zake.

Unaweza pia kujigeuzia mwenyewe. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa takriban miaka 200 iliyopita, nafsineni anauhutubia moyo wake, anauonyesha magofu ya majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani, na kuuliza waliokuwa wakiishi humo wako wapi. Mji mzima umepotea, lakini mazungumzo ni ya watu wawili tu, mtu na moyo wake.

Upande wetu huu tuna walimu wengine pia. Nenda kwenye matanga kwa Waluo umwone ndugu aliyetoka mbali: huanza kupiga nduru kabla hajafika langoni, akimwita marehemu kwa jina na kumuuliza kwa nini hakumsubiri. Hawaambii waliokusanyika. Wao wanasikia tu, kama watu waliokuta barua ya mwenzao imefunguliwa. Mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, akialikwa hapohapo yeye huwageukia walio hai. Humsifu aliyekwenda akitaja jamaa zake mmoja mmoja. Na kwa Wabukusu kuna desturi ya khuswala kumuse, ambapo baada ya mazishi msemaji maalumu husimama kati ya watu, akitembea na kuwahutubia, akiwakumbusha ukoo na kuwaonya. Yeye halii. Anasema "sisi". Hizo ni nafsineni tatu katika msiba ambao ungeweza kuwa mmoja, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema maneno ya mwenziwe bila kuonekana amepotea njia.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuhamahama. Ubeti wa kwanza "baba umeniacha", wa pili "baba alituacha", wa tatu "enyi walimwengu, tahadharini". Msemaji ameanza kaburini, akaenda jukwaani, akaishia mimbarini. Kuhama kunaruhusiwa, lakini mara moja, na pawe na sababu inayoonekana. Kumgeukia marehemu kwa "wewe" baada ya beti nne za "yeye" kunaweza kumtoa mtu machozi, mradi usiwe umemwita hivyo kabla.

Hatua ya tano: Mwekee mipaka ya anachojua

Mtunzi anajua mwisho wa habari. Nafsineni asijue zaidi ya mahali aliposimama. Tuseme mtumbwi mmoja umepinduka: yule mwanamke wa Dunga hawezi kusema jinsi ulivyopinduka. Anaweza kusema kwamba taa zilikuwa ishirini na mbili, na alipozihesabu tena zilikuwa ishirini na moja. Pengine amekosea kuhesabu. Hapo hapo simama, usimweleze kilichotokea. Msomaji ataihesabu taa ile mwenyewe.

Hatua ya sita: Lichague umbo, kisha ulivae

Sasa tuingie karakanani. Huu hapa ubeti wa tarbia, yaani wa mishororo minne, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vikiwa mahali pake. Nimeutunga kwa kufuata namna ninayokutana nayo kila mwaka:

Ulimwengu wa machozi, huzuni imetujaa,
Kifo hakina ajizi, kimekuja kututwaa,
Moyo wangu hauwezi, kwa uchungu nachakaa,
Kifo huna uchaguzi, wewe adui balaa.

Hesabu mizani, hutakuta kasoro. Lakini ndani hamna mtu. Nani amekufa? Anayesema yuko wapi? Katika mshororo wa pili kifo ni "kimekuja", katika wa nne kimegeuka "wewe". "Sisi" wa mshororo wa kwanza amekuwa "mimi" katika wa tatu. Huzuni, uchungu, machozi, maneno matatu ya kilio katika mishororo minne, na hakuna jicho hata moja linaloonekana likilia.

Tumchukue sasa yule binti wa Riyadh. Amefiwa na mamake, hakupata ruhusa ya kusafiri, anatazama mazishi kwa simu ambayo nduguye ameishika kule nyumbani. Anamwambia mama. Anajua kile kinachoonekana kwenye kioo tu, na bando likiisha hajui kitu. Tuifuate tarbia ileile:

Simu ameshika kaka, mkono unatetema,
Naona jembe lashuka, naona migongo, mama,
Mara picha yakatika, ikirudi watu wima,
Saa zetu zalingana, ila mimi niko mbali.

Bibi wa nyumba aita, vyombo vingali jikoni,
Mikono povu yatota, simu imo mfukoni,
Joto lake lanipita, kama kiganja mwilini,
Saa zako zimekoma, sasa nani yuko mbali?

Nieleze nilichofanya, si kwa kuusifu utungo huu, bali uone maungo yake. Neno "mama" limekuja mara moja tu, mwisho wa mshororo wa pili, pale binti anapoona migongo ya watu badala ya kaburi. Amemwita kwa sababu amezibwa asimwone. Kaburi lenyewe halikutajwa: picha ilikatika kabla, na iliporudi watu walikuwa wamesimama wima, maana yake kazi imekwisha. Binti amekosa wakati wenyewe wa kumzika mamake, na hakulalamika, amesema "watu wima". Hiyo ni mipaka ya ujuzi niliyoitaja katika hatua ya tano.

"Simu imo mfukoni" nimeiweka kwa makusudi na kiambishi cha ndani, -mo. Ningeweza kuandika "simu iko mfukoni", mizani ingetimia vilevile. Lakini iko ingekuwa taarifa. Imo inaeleza kwamba kuna kitu kimehifadhiwa humo, na mshororo unaofuata unakipa joto la kiganja. Herufi moja hiyo niliizungukia karibu juma zima.

Tazama na kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti. Mtunzi anayeanza hukichukua kibwagizo kama kiitikio cha wimbo, kirudi vilevile hata msemaji akibadilika. Katika shairi la msiba mshororo unaorudi ni kama mtu anayerudi mlangoni kuangalia kama mgeni amefika. Kila akirudi kuna kilichobadilika, angalau saa. Hapa ubeti wa kwanza unasema saa zinalingana, na ni kweli. Katika wa pili binti anagundua kwamba saa za mama hazipo tena, na swali la nani yuko mbali linampindukia. Kibwagizo kimekuwa kiishio, yaani mshororo wa mwisho usiorudiwa. Shairi likiwa la beti sita, ningekirudia bila kukigusa mara tano, ili masikio yakizoee, kisha nikivunje mara moja tu.

Kuhusu bahari nyingine sina mengi. Utenzi unafaa msemaji mwenye safari ndefu ya kusimulia. Tathlitha, yenye mishororo mitatu, inamfaa anayekatizwa na pumzi. Shairi huru lina faida ya ukimya, unaweza kuacha neno moja peke yake mstarini, ila nawasihi wanaolikimbilia kwa kuogopa mizani wajaribu kwanza tarbia. Kilio chenye kipimo humlazimisha msemaji achague, na aliyefiwa hana nguvu za maneno mengi.

Hatua ya saba: Chunga mdomo wake

Kila mtu ana neno lake la kifo. Amefariki, ameaga dunia, ametuacha, amelala, ametangulia mbele ya haki, tumempoteza, amepumzika. Mvuvi Mkristo wa Usenge hatasema "mbele ya haki" isipokuwa ameishi na Waislamu na kuchukua usemi wao, na kama amechukua, hiyo ni habari nyingine inayostahili ubeti wake. Vivyo hivyo msamiati wa mahaba na majonzi tunaoazima kwa washairi wa pwani: mtima (moyo), nyonda (mpenzi), simanzi (huzuni). Ni maneno mazuri, na uhuru wa mshairi unayakubali. Swali langu ni moja: je, nafsineni wako huyasema? Bibi anayeuza samaki katika soko la Kibuye, Kisumu, ana Kiswahili chake, kifupi, chenye amri nyingi na methali chache. Ukimvika mtima na nyonda umemfukuza shairini na kuketi mahali pake.

Hatua ya nane: Jaribio la kubadilisha nafsi

Shairi likishakauka siku mbili tatu, lichukue ubadilishe kila ni- kuwa a-, kila -angu kuwa -ake. Soma kwa sauti. Kama linasomeka vizuri kama mwanzo, kama hakuna mshororo uliopiga kelele wala kujikwaa, basi "mimi" wako hakuwemo tangu mwanzo. Alikuwa kipaza sauti. Ule ubeti wa kifo adui balaa ukiubadilisha hivyo haupotezi kitu. Lakini badilisha "naona migongo, mama" iwe "aona migongo, mama": mama sasa ni mama wa nani, na anaitwa na nani? Mshororo umevunjika, na kuvunjika kwake ndiko kunakokuonyesha kwamba palikuwa na mtu.

Jaribio la pili ni la kumpa mwingine akusomee. Asiwe rafiki anayekujua sana. Akimaliza, muulize alimwona nani, amesimama wapi, ameshika nini. Usimuulize kama shairi ni zuri.

Hatua ya mwisho: Unaposema kwa kinywa cha aliyefiwa mwingine

Hili sikufundishwa na kitabu. Miaka kadhaa iliyopita kijana wa jirani alizama ziwani. Nikatunga shairi la beti saba, nafsineni akiwa mama wa kijana, nikalisoma mbele ya watu siku ya kesha. Nilimfanya mama akamlaani samaki, akalilaani ziwa, akajitupa chini. Watu walilia. Nilirudi kuketi nikidhani nimefanya jema.

Kesho yake mama yule alinipita karibu na mlango wa jikoni, akiwa amebeba sinia la vikombe. Akasimama. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "mimi sikulia hivyo. Mimi nilinyamaza."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemwibia ukimya wake nikamwekea kelele zangu, tena mbele ya majirani ambao sasa wangemkumbuka kwa maneno asiyoyasema. Tangu hapo nina kanuni nisiyoivunja: nikitunga kwa nafsi ya mtu aliye hai ambaye msiba ni wake, namsomea yeye kwanza, peke yake, na akisema hapana linachanwa. Nisipoweza kumsomea, nabadilisha nafsineni. Narudi nyuma hadi mahali nilipokuwa nimesimama mimi mwenyewe, hata kama ni mbali, hata kama palikuwa pembeni na hapana utukufu wowote.

Shairi lile nililitunga upya. Safari hii msemaji alikuwa jirani aliyesimama nje ya ua wa michongoma, anayeona mlango uliofungwa mchana, moshi usiotoka jikoni, na nguo za shule ambazo hakuna mtu aliyezianua kambani kwa siku tatu. Hasemi kilichomo ndani kwa sababu hakijui. Beti zilikuwa tatu.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea. Alizisoma akiwa amesimama, midomo ikichezacheza bila sauti, akarudia ubeti wa kati. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya Biblia, akaniuliza kama chai yangu naitaka na maziwa.